Muuza mafuta wa mji mdogo, klabu 3 kati ya 5 za ligi moja ya hoki: Henry Brabham alikuwa anatafuta nini?

#1 Mzee wa Kaunta (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa nafuatilia historia ya ligi za chini za hoki ya barafuni kule Marekani, na kuna jambo halinikai sawa. Mwaka 1988 ilianzishwa East Coast Hockey League ikiwa na klabu 5 tu: Carolina Thunderbirds ya Winston-Salem, Erie Panthers, Johnstown Chiefs, Knoxville Cherokees na Virginia Lancers. Sasa angalieni: Erie, Johnstown na Virginia zote zilikuwa mali ya mtu mmoja, Henry Brabham, mfanyabiashara wa mafuta wa Vinton, kamji kalikopakana na Roanoke, jimbo la Virginia.

Huyu si bilionea wa New York. Hata hivyo ligi yake ipo mpaka leo, ni ngazi ya tatu kutoka juu kwenye ngazi za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, na klabu inayoongoza kwa pointi msimu wa kawaida inapewa kombe lenye jina lake, Brabham Cup.

Nasema hivi: mtu hawezi kubeba klabu 3 kwa mapenzi ya mchezo peke yake. Alikuwa na hesabu zake. Mwenye kujua hesabu hizo aje azimwage hapa.

#2 Kijana wa Ngamiani

Mkuu, mbona jibu jepesi. Sifa. Mtu ana pesa, mjini kwake anajulikana kwa vituo vya mafuta, anataka ajulikane kwa kitu ambacho watu wanakishangilia. Mafuta hakuna anayeyashangilia.

#3 Fundi Majokofu

Niko Ontario, kwenye ukumbi wa barafu, idara ya mitambo. Nyie mnawatazama wachezaji, mimi kazi yangu ni sakafu. Chini ya barafu kuna zege, ndani ya zege mabomba, ndani ya mabomba yanapita maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri. Barafu yenyewe ni nyembamba, unene wa kidole gumba hivi. Lakini kompresa zinanguruma usiku na mchana, iwe kuna mechi au hakuna. Ukizizima ili kuokoa umeme, kesho una bwawa.

Kwa hiyo adui wa mwenye ukumbi ni siku tupu. Anataka mpangaji anayekuja kila wiki kuanzia Oktoba mpaka Machi, na nyuma yake maegesho, bia, bisi na mabango ya matangazo.

Miaka ya 1980 Brabham alijenga ukumbi wake mwenyewe pale Vinton, LancerLot. Kabla ya hapo klabu za bonde la Roanoke zilikuwa wapangaji kwenye kumbi za umma, kama ule wa Salem. Ukishajenga ukumbi, mpangaji asiyekukimbia ni yule unayemmiliki. Klabu ya kwanza imeshapata sababu.

#4 Kijana wa Ngamiani

Fundi umesema vizuri, ila umetuachia klabu 2 mkononi. Ukumbi wa Johnstown haukuwa wake. Wa Erie haukuwa wake. Huko alikuwa mpangaji kama wengine.

#5 Msomi wa Kibaha

Hapo ndipo inabidi turudi nyuma ya 1988. Lancers walikuwa kwenye Atlantic Coast Hockey League, ligi iliyoanza 1981. Mwaka 1987 wakachukua ubingwa wake, na ligi yenyewe ikafia hapohapo. Fikiria: umejenga ukumbi, umelipa makocha, umechukua kombe, halafu huna wa kucheza naye. Wakahamia All-American Hockey League, msimu wa 1987–88. Hiyo nayo ilikuwa inayumba. Johnstown Chiefs wenyewe walianzishwa Januari 1988, msimu ukiwa katikati.

Kwa hiyo mimi naona hivi: Brabham alikuwa ananunua wapinzani. Klabu moja ya hoki peke yake haina thamani hata ya kopo. Inapata thamani siku ikipata ratiba, na ratiba inataka klabu nyingine zenye uhakika wa kufika mwisho wa msimu. Kama hakuna mtu wa kuziweka hai, unaziweka hai wewe.

#6 Bwana Pembeni

Ndugu zangu mnapamba sana. Mtu mmoja kumiliki klabu zote za ligi kisha tuambiwe ni ushindani? Hapa kwetu mdhamini mmoja akigusa klabu mbili tu za ligi, nchi nzima hailali. Huyo alikuwa anapanga matokeo mezani, mchana kweupe.

#7 Dada wa Kisauni

Bwana Pembeni, soma uzi kwanza kabla hujapandisha mori. Mleta mada kasema 3, wewe umefikisha zote.

#8 Msomi wa Kibaha

Na hizo mbili zilizobaki, Carolina na Knoxville, zilikuwa chini ya Bill Coffey. Yaani msimu wa kwanza ligi nzima ilikuwa ya watu wawili, juu yao kamishna Pat Kelly, kocha wa siku nyingi. Leo bingwa wa mchujo anapewa Kelly Cup, jina la huyohuyo. Zamani hizo lilikuwa Riley Cup.

Kuhusu kupanga matokeo: fainali ya kwanza, 1989, ilikuwa Carolina dhidi ya Johnstown, ikafika mchezo wa saba. Waliochukua ni Carolina. Klabu ya Coffey ilimfunga Brabham. Kama alikuwa anapanga, alipanga vibaya sana.

#9 Bwana Pembeni

Mchezo wa saba ndiyo unaouza tiketi nyingi, mkuu. Hapo sijasema neno.

#10 Muhasibu Mstaafu

Wakuu, hesabu zenyewe ziko sehemu mbili, na hakuna aliyezigusa.

Ya kwanza ni leseni za klabu mpya. Tazama ligi ilivyokua. Msimu wa kwanza klabu 5. Msimu wa pili 8, wakaingia Greensboro, Hampton Roads na Nashville. Wa tatu 11, Cincinnati, Louisville na Richmond. Wa nne 15, Columbus, Dayton, Raleigh na Toledo. Kila anayeingia analipa ada, na ada inagawiwa kwa waliotangulia. Ukiwa na viti 3 kati ya 5 kwenye meza ya mwanzo, una sauti kubwa kwenye kila uamuzi wa nani aingie na kwa bei gani.

Ya pili ni kodi ya mapato. Marekani mmiliki wa klabu anaruhusiwa kuhesabu sehemu ya bei aliyonunulia kana kwamba ni mali inayochakaa, wachezaji wakiwa ndani yake. Ujanja huo aliuasisi Bill Veeck wa besiboli. Mwaka 1976 sheria ikaubana, mwaka 2004 ikafungua njia ya kushusha karibu bei yote kwa miaka 15. Hasara ya klabu kwenye karatasi inapunguza kodi ya biashara nyingine, mathalani ya mafuta.

#11 Fundi Majokofu

Muhasibu, hilo la kodi ni la klabu za mamilioni ya dola. Klabu ya ngazi ya tatu mwaka 1988, bei yake utaichakaza uone nini? Hasara yake haikuwa ya karatasi. Ilikuwa ya basi, hoteli na umeme.

#12 Muhasibu Mstaafu

Hasara ya basi pia inakatwa kwenye kodi, Fundi. Dola ni dola.

#13 Lubumbashi kwa Baridi

Salamu kwa wote. Mimi niko Massachusetts, jirani na Springfield, na mkitaja wamiliki wa ligi za chini bila Eddie Shore mmeruka baba wa ukoo.

Shore alikuwa beki wa Boston Bruins, mkali kwelikweli, akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa NHL, Hart Trophy, mara 4. Mwaka 1939 akainunua Springfield Indians ya ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL, akiwa bado anacheza. Alikaa nayo, kwa vipindi, mpaka 1976. Vita vya Pili jeshi likauchukua ukumbi, akahamishia wachezaji Buffalo. Miaka ya 1950 mwanzoni akaihamishia Syracuse, akarudi nayo 1954.

Huyu alikuwa anafanya kila kitu mwenyewe, na senti haimtoki. Mchezaji aliyeumia au aliyemuudhi aliingizwa kundi la Black Aces: anafanya mazoezi asubuhi, jioni anapaka rangi viti, anabadilisha taa, anauza bisi. Kipa mwenye tabia ya kujitupa chini anafungwa kamba kwenye mwamba wa goli mpaka ajifunze kusimama. Anawafundisha wachezaji kucheza dansi ya viatu kwenye kumbi za hoteli ili miguu iwe myepesi. Inasimuliwa kwamba alimwachia mchezaji wake Jake Milford kwenda klabu nyingine kwa malipo ya nyavu mbili za goli.

Na bado akachukua Calder Cup, kombe la ligi hiyo, mara 3 mfululizo, 1960, 1961 na 1962.

Mwisho wake ndio somo la wamiliki. Desemba 1966 akawasimamisha wachezaji 3, wenzao wakagoma kuingia barafuni. Wakamwita wakili kijana kutoka Toronto, Alan Eagleson. Kutoka mgomo ule, mwaka 1967 kikazaliwa chama cha wachezaji wa NHL. Ubahili wa mtu mmoja kwenye ligi ya chini ulibadilisha mishahara ya ligi kubwa yote.

#14 Dada wa Kisauni

Kipa kufungwa kamba! Na hao wachezaji walikaa miaka yote hiyo?

#15 Lubumbashi kwa Baridi

Wangekwenda wapi, dada? Mpaka 1967 NHL ilikuwa na timu 6 tu. Nafasi za makipa zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mchezaji akishafungwa na mkataba wa klabu, ndiyo basi. Mwaka 1967 NHL ilipoongeza timu 6 kwa mpigo, ghafla kila mtu Springfield akawa na pa kukimbilia. Shore akawaachia Los Angeles Kings, mojawapo ya timu hizo mpya, wachezaji wake, klabu ikaitwa Springfield Kings. Alipoirudisha mikononi jina la Indians likarudi, na 1975 wakachukua tena Calder Cup.

#16 Kijana wa Ngamiani

Shore ana mantiki kwangu. Mchezo ndio uliomlea, ananunua anachokijua. Brabham alikuwa muuza mafuta. Ndiyo maana nasema sifa.

#17 Msomi wa Kibaha

Basi mpime na Roy Boe. Huyo alipita njia ya kinyume. Aliianzisha New York Islanders mwaka 1972, akailipa NHL dola milioni 6, kisha akawalipa na Rangers, klabu nyingine ya New York, fidia ya kuingiliwa eneo lao. Mkononi alikuwa pia na Nets ya mpira wa kikapu. Nets walipoingia NBA mwaka 1976 madeni yakamfika shingoni, akamuuza nyota wake Julius Erving kwa Philadelphia. Islanders ilimtoka mkononi kabla haijachukua kombe lake la kwanza mwaka 1980.

Mtu aliyeumia hivyo ungesema hataki kuisikia hoki tena. Miaka ya 1990 akarudi kwa mlango wa chini: akainunua ile klabu ya Springfield, akaihamishia Worcester mwaka 1994 ikawa IceCats. Mwaka 2001 akaanzisha Bridgeport Sound Tigers, klabu tanzu ya haohao Islanders. Huyu alishajulikana New York nzima, kwa hiyo sifa hakuwa na shida nazo. Na mara hii alicheza na namba ndogo, ndani ya miji yenye kumbi zilizojengwa kwa pesa za umma.

#18 Muhasibu Mstaafu

Hapo ndipo Boe alipomzidi Brabham. Ukumbi wa umma ukivuja, fundi analipwa na mji.

#19 Bwana Pembeni

Mmewasahau wa kweli. Danbury, Connecticut, 2004. James Galante, mfanyabiashara wa kuzoa taka, ananunua klabu ya United Hockey League, ligi nyingine ya chini, anaiita Trashers, anamkabidhi mwanawe wa miaka 17 awe meneja mkuu. Kijana anasajili mabondia, timu inajaza ukumbi kwa ngumi. Mwaka 2006 FBI wanaingia, klabu inakufa. Miongoni mwa mashitaka lilikuwamo la kuzunguka ukomo wa mishahara wa ligi. Mwaka 2008 mzee alikiri makosa, akahukumiwa miezi 87.

Nyie leteni kompresa na leseni. Mimi nasema kwenye ligi za chini hakuna mkaguzi, na pasipo mkaguzi ndipo pesa zinapopumzika.

#20 Dada wa Kisauni

Galante ni Galante. Brabham hajahukumiwa na mtu, usimpakazie marehemu wala mzima.

Na mimi nina la kusema kuhusu hizo klabu, kwa sababu ninaishi Greenville, South Carolina. Hao Johnstown Chiefs mnaowataja kama historia walihamia hapa mwaka 2010. Walikuwa wa mwisho kati ya zile 5 kubaki kwenye mji wao wa mwanzo. Leo wanaitwa Swamp Rabbits na watoto wangu wana kofia zao.

Niwaambie ninachokiona kwa macho. Kati ya vipindi wanauza vipaki vya sponji vyenye namba, mnavitupa barafuni, chako kikiangukia kwenye duara la katikati unaondoka na zawadi. Nyuma ya viti kuna meza ya bahati nasibu, nusu inakwenda kwa mshindi, nusu kwa wahisani. Kuna usiku wa kutupa wanasesere: bao la kwanza la nyumbani likiingia, ukumbi mzima unarusha madubu ya pamba, barafu inafunikwa, wachezaji wanayaokota na magunia, yanapelekwa kwa watoto wenye shida. Mechi ikiisha jezi zinapigwa mnada zikiwa bado na jasho. Watu wanapigana vikumbo kununua jezi ya mchezaji ambaye mwakani hatakuwepo.

Mji usio na timu kubwa ukipewa kitu hiki, unakishika. Mimi naamini Brabham aliliona hilo kabla ya wengine: kusini kuna kumbi, kuna watu, hakuna mtu wa kuwaletea.

#21 Mzee wa Kaunta (mleta mada)

Dada, ahsante, hii ndiyo nyama niliyokuwa naitafuta. Lakini kama kusini kulikuwa na njaa hiyo, kwa nini Vinton kwenyewe hawakudumu? Lancers walibadilishwa jina wakawa Rebels, kisha Rampage, halafu klabu ikaondoka.

#22 Msomi wa Kibaha

Machi 1993. Dhoruba ile kubwa iliyopiga mashariki yote ya Marekani, paa la LancerLot likaporomoka kwa uzito wa theluji. Msimu uliofuata klabu ilikuwa Huntsville, Alabama, baadaye Tallahassee, Florida. Bonde la Roanoke likapata klabu nyingine, Roanoke Express.

#23 Kijana wa Ngamiani

Ukumbi wa barafu kuangushwa na theluji. Hii dunia.

#24 Fundi Majokofu

Paa pana lisilo na nguzo katikati ndilo kazi ngumu kuliko zote kwenye jengo hili. Theluji kavu haina neno. Ikija nzito yenye maji, kila mita ya mraba inabeba mzigo, na wajenzi wa kusini hawakuzoea kuukadiria mzigo huo kama wa huku. Ndiyo hatari ya kumiliki ukumbi na klabu kwa pamoja: paa likienda, vyote viwili vimekwenda.

#25 Mtoto wa Mombasa Road

Niaje wadau. Natoka nje ya mada kidogo. Hapa Nairobi tulikuwa na barafu yetu pale hoteli ya Panari, na ndipo ilipoanzia timu ya hoki ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 walipelekwa Canada wakapata kwa mara ya kwanza timu ya kupambana nayo, nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakichezea upande wao. Sasa nauliza: akija Brabham wa Afrika Mashariki, aanze na ukumbi au aanze na klabu?

#26 Lubumbashi kwa Baridi

Aanze na wapinzani, kama alivyosema Msomi. Ice Lions shida yao kubwa ilikuwa kukosa wa kucheza naye.

Na kwa kuwa mmeshafika Afrika: kipa Olaf Kölzig alizaliwa Johannesburg. Msimu wa 1990–91 alidakia Hampton Roads Admirals ya Norfolk, kwenye ligi hiihii ya kina Brabham, na mwaka huo Admirals wakachukua Riley Cup. Mwaka 2000 alitwaa Vezina, tuzo ya kipa bora wa NHL.

#27 Bwana Pembeni

Huyo nilidhani Mjerumani.

#28 Lubumbashi kwa Baridi

Wazazi Wajerumani, na timu ya taifa alichezea Ujerumani. Kuzaliwa alizaliwa Johannesburg.

#29 Muhasibu Mstaafu

Mfano wa Admirals umenifaa. Mmiliki wao wa mwanzo, Blake Cullen, alitokea kwenye uongozi wa besiboli. Alianza nao 1989, mwaka 1996 akawauza. Mtu wa klabu moja, ukumbi wa umma, anaingia na anatoka. Brabham alibeba tatu pamoja na paa. Ukiwatazama hawa wawili unaona Cullen alikuwa anafanya biashara ya klabu, Brabham alikuwa anafanya biashara ya ligi.

#30 Mtoto wa Mombasa Road

Sijajibiwa. Ukumbi au klabu?

#31 Fundi Majokofu

Ukumbi, kijana. Ila usijenge wa hoki tupu. Jenga ambao barafu unaweza kuifunika kwa mbao ukafanya harusi Jumamosi na mechi Jumapili. Huku kwetu tunafunika usiku mmoja, vijana wachache na toroli.

#32 Muhasibu Mstaafu

Na ukishakuwa na vyote viwili, pango la klabu unalipanga wewe mwenyewe. Ukitaka klabu ionekane imepata hasara, unapandisha pango. Ukitaka iuzike, unalishusha mwaka mmoja kabla. Hesabu za klabu peke yake hazitakuambia kitu mpaka uone na za ukumbi. Kwa hiyo mleta mada, mwenye vitabu vya LancerLot ndiye tunayemhitaji kwenye uzi huu.

#33 Bwana Pembeni

Hapo Muhasibu umeanza kuongea lugha yangu.

#34 Dada wa Kisauni

Kuna mwenye kumfahamu vizuri huyo Bill Coffey? Carolina Thunderbirds yake ndiyo iliyokwenda Wheeling mwaka 1992, na Wheeling Nailers bado wanacheza. Klabu ya mshirika imeshakaa Wheeling muda mrefu kuliko zile tatu za Erie, Johnstown na Vinton zilivyokaa kwenye miji zilikoanzia, na hakuna anayemtaja Coffey.